Kibali Chenye Jina la Mwajiri

Habari za Yakobo nyumbani kwa Labani tunazijua tangu Shule ya Jumapili: miaka saba kwa ajili ya Raheli, kisha kudanganywa kwa Lea, miaka saba mingine, halafu sita kwa ajili ya wanyama. Mahubiri yetu mengi hukaa kwenye usiku ule wa harusi. Ni mara chache tunaendelea hadi sura ya 30 na ya 31 za kitabu cha Mwanzo, ambako Yakobo anazungumza kama mfanyakazi. Anamuuliza mjomba wake ni lini naye atapata nafasi ya kuishughulikia nyumba yake mwenyewe. Baadaye anamhesabia yote: jua la mchana, baridi ya usiku, usingizi uliomkimbia, miaka ishirini, na ujira uliobadilishwa mara kumi. Labani naye hadi siku ya mwisho anashikilia kwamba kila kitu ni chake, mabinti, wajukuu na kundi zima.

Nataka kusimulia habari za watu waliouliza swali hilo la Yakobo karibu na siku zetu, katika nchi ya Kanada. Ni wanawake waliotoka visiwa vya Karibi, na baadaye hasa Ufilipino, kwenda kulea watoto na kutunza wazee katika nyumba za watu wengine, wakilala humo humo. Msomaji anaweza kuuliza Kanada inatuhusu nini. Inatuhusu kwa kuwa nchi hiyo ilifanya jambo ambalo nchi nyingi zinazoagiza watumishi wa nyumbani hazikulifanya. Iliwaahidi walezi hawa kwamba wakimaliza muda wao wataweza kuomba ukaazi wa kudumu, na kuwaleta waume na watoto wao. Ni ahadi njema, nami siidharau. Lakini kati ya kazi na ahadi palikuwa na kipindi cha kungoja, na katika kipindi hicho karatasi ya mlezi iliandikwa jina la mwajiri wake. Hapo ndipo shida yote ilipokaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia za Kanada zilitafuta watumishi na hazikuwapata, kwa kuwa wanawake wenyeji walipendelea viwanda na ofisi. Kwanza wakachukuliwa wanawake kutoka kambi za wakimbizi wa Ulaya, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka 1955 serikali ikakubali kupokea wanawake 100 kutoka Karibi, 75 wa Jamaica na 25 wa Barbados. Walitakiwa wasiwe na mume wala mtoto, wawe wamesoma angalau hadi darasa la nane, na wapimwe afya. Baada ya mwaka mmoja wa utumishi walikuwa huru kutafuta kazi nyingine na kubaki nchini. Hadi mwaka 1967 walikuwa wamefika karibu 3,000. Wapo waliokuwa walimu makwao na wakakubali kupiga deki mwaka mzima, kwa sababu mlango mwingine haukuwapo. Jean Augustine, mwalimu kutoka Grenada, aliingia kwa njia hiyo mwaka 1960. Mwaka 1993 alichaguliwa kuwa mbunge, mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la nchi hiyo.

Ona kwamba wale wa kwanza walidaiwa mwaka mmoja tu. Masharti yalizidi kuwa magumu baadaye, nchi ilipokuwa tajiri zaidi.

Mwaka 1973 vilianza kutolewa vibali vya muda. Mtumishi aliingia akiwa na kibali kilichotaja kazi yake na mwajiri wake, na kazi ikiisha alitakiwa kuondoka. Katika miaka hiyo wanawake saba wa Jamaica waliamriwa kufukuzwa nchini kwa kosa la kutowataja watoto wao walipoomba kuingia. Ni rahisi kusema walidanganya, na kweli walificha. Lakini ni sheria gani iliyomtaka mwanamke awe mlezi mzuri wa watoto wa mwingine, na ikamkataa kwa kuwa ana wake? Wanawake hao hawakunyamaza. Vyama vya wafanyakazi na vikundi vya wanawake vilisimama nao, na msemo ukaenea mitaani kwamba anayefaa kufanya kazi anafaa pia kubaki. Mwaka 1979 walipata haki ya kukaa.

Msemo ule ulifika hadi serikalini. Mwaka 1981 uliwekwa mpango mpya uliomruhusu mtumishi wa nyumbani kuomba ukaazi baada ya miaka miwili, na mwaka 1992 ukafuata Mpango wa Walezi wa Kulala kwa Mwajiri, uliodumu zaidi ya miaka 20. Kwa mpango huu mlezi alitakiwa kutimiza miezi 24 ya kazi ndani ya miaka mitatu tangu afike. Miezi yenyewe ilihesabiwa iwapo tu alikuwa analala nyumbani kwa mwajiri.

Hebu tuufikirie utaratibu huo kwa macho ya mlezi. Amekuja kumtunza bibi kizee. Bibi anafariki mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo hiyo mlezi amepoteza kazi na mahali pa kulala, na kibali alicho nacho kimemtaja mwajiri ambaye hamhitaji tena. Hawezi kuvuka barabara akaanze kazi nyumba ya jirani, hata kama jirani anamsihi. Ni lazima mwajiri mpya apate idhini, kisha kibali kipya kitolewe, na siku zote hizo hazimo katika ile miezi 24, ingawa ile miaka mitatu inaendelea kuhesabiwa. Au tuseme bibi hajafa, ila mtoto wake wa kiume ni mtu wa mikono mirefu, au saa nane za mkataba zimekuwa saa kumi na tatu. Mlezi anapiga hesabu. Akilalamika atafukuzwa, na akifukuzwa anaweza kupitwa na miaka mitatu akapoteza kila kitu. Basi ananyamaza. Wapo wengi walionyamaza hivyo, wala si kwa woga wa tabia.

Haki ya waajiri pia isemwe. Wengi wao hawakuwa Labani. Walikuwa watu wenye watoto wadogo na kazi za asubuhi hadi jioni, au wenye baba aliyepooza, na wengine walimpenda mlezi wao kama ndugu, wakamwandikia barua na kumsindikiza ofisini. Lakini mlezi aliyepata nyumba njema alikuwa amebahatika, na kibali chake kilikuwa na kamba ile ile kama cha mwenzake aliyepata nyumba mbaya. Sheria ilikuwa imempa mtu wa kawaida uwezo mkubwa juu ya mtu wa kawaida mwingine, kisha ikategemea kwamba hatautumia. Sisi tunaosoma kuhusu dhambi ya asili tungepaswa kuwa wa kwanza kushuku mpango wa namna hiyo.

Mwaka 2003 alifika Juana Tejada kutoka Ufilipino. Alitimiza miezi yake yote. Mwaka 2006, alipopimwa afya kwa ajili ya ukaazi, alikutwa na saratani ya utumbo, na ombi lake likakataliwa kwa hoja kwamba angekuwa mzigo kwa huduma za afya. Alikuwa amekwisha kupimwa kabla ya kuingia nchini akaonekana mzima, kwa hiyo nguvu zake zilipokelewa, na udhaifu ukaambiwa urudi kwao. Umma ulipaza sauti, na Julai 2008 alipewa ukaazi. Alifariki Machi 2009. Kuanzia Aprili 2010 kipimo cha pili cha afya kiliondolewa kwa walezi wa mpango huo. Pamoja nacho masharti mengine yalilegezwa: miaka mitatu ikawa minne, saa 3,900 zikakubaliwa badala ya miezi 24, na mwajiri akatakiwa kulipa nauli ya kumleta mlezi na ada ya wakala.

Ilibaki kipindi kimoja ambacho hakikuzungumzwa sana, nacho ndicho ninachokiona kuwa moyo wa habari hii. Mlezi amemaliza. Miezi 24 imetimia, ombi la ukaazi limepelekwa, na deni lake kwa nchi ile limelipwa lote. Sasa anangoja jibu la hatua ya kwanza, na makaratasi yanakwenda polepole, mwezi baada ya mwezi, hata mwaka na zaidi. Wakati huo wote kibali chake bado kina jina la mwajiri, na wengi wakaendelea kulala katika chumba kile kile. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Huduma aliyodaiwa ilikuwa imekwisha, lakini utumishi uliendelea kwa sababu tu faili lake lilikuwa halijafunguliwa.

Torati inalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, anatakiwa apewe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake uko kwenye ujira huo. Tumezoea kusoma agizo hilo kana kwamba linamhusu mwajiri anayekataa kulipa. Lakini sheria inazungumza juu ya anayechelewesha. Labda atalipa kesho, labda ana nia njema kabisa, na bado Mungu anasikia kilio cha yule aliyelala bila ujira wake. Kwa mlezi wa Kanada mshahara wa mwezi ulikuwa sehemu ndogo tu ya ujira. Moyo wake ulikuwa kwenye ile karatasi ya ukaazi, maana ndiyo iliyokuwa na majina ya watoto wake, na iliyoishikilia hadi kesho na keshokutwa haikuwa familia aliyoitumikia, ilikuwa serikali.

(Kabla hatujawahukumu wenye faili za Kanada, tukumbuke binti wa kazi anayelala jikoni kwetu, ambaye mshahara wake wa miezi minane “tunamtunzia” mpaka atakapokwenda kwao Krismasi. Hatuna nia ya kumdhulumu. Tunajua tu kwamba akiushika mkononi anaweza kuondoka.)

Desemba 2011 waziri wa uhamiaji, Jason Kenney, alitangaza kwamba walezi waliomaliza muda wao na kupeleka maombi ya ukaazi watapewa kibali huru, yaani kisichotaja mwajiri, bila kungoja jibu la hatua ya kwanza. Waziri mwenyewe alikiri kwamba walezi wengi mno waliomaliza wajibu wao walikuwa bado wanakaa nyumbani kwa waajiri wakingoja. Kwa anayesoma gazeti lilikuwa badiliko dogo, mstari mmoja uliofutwa kwenye karatasi. Mimi naliona kuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza mpango ule ulikubali kwamba kungoja na kutumika ni mambo mawili, na kwamba mtu anaweza kuingoja ahadi akiwa na ufunguo wa chumba chake mwenyewe mfukoni. Aliyetaka kubaki na familia ile alibaki, safari hii kwa kuwa amependa. Aliyetaka kusomea uuguzi au kufanya kazi dukani aliweza kuanza kujipanga.

Kibali huru hakikugusa ile miaka miwili ya kwanza, ambayo mateso mengi yalitokea humo. Na tuseme ukweli, wengi wa mabinti zetu wanaovuka bahari kwenda Ghuba hawajaifikia hata hatua ya kuwa na ahadi ya kungoja. Chini ya utaratibu wa kafala kibali cha mtumishi hufungwa kwa mdhamini, na mwisho wa miaka yake ni tiketi ya kurudi. Qatar ililegeza mwaka 2020, ikawaruhusu wafanyakazi, wa nyumbani wakiwamo, kuhama mwajiri bila ridhaa yake. Wazazi wanaomwombea binti katika ibada ya kumuaga wangefanya vema kuuliza pia kibali chake kimeandikwaje, na pasipoti yake itakaa na nani.

Kanada ilifunga mpango wa kulala kwa mwajiri kwa waombaji wapya mwishoni mwa Novemba 2014. Tangu hapo kulala kwa mwajiri ni hiari. Mwaka 2019 ikaja mipango ya majaribio ambayo kibali chake kilitaja aina ya kazi tu, na familia ikaruhusiwa kusafiri pamoja na mlezi. Machi 31, 2025 ulianza mpango wa walezi kuomba ukaazi moja kwa moja, bila ile miaka miwili ya kwanza, na nafasi zake zikajaa upesi mno.

Mpango wa zamani ulipofungwa, makumi ya maelfu ya maombi ya walezi na jamaa zao yalikuwa bado kwenye foleni, na foleni hiyo haikufutwa pamoja na mpango. Iliendelea kusogea kwa miaka. Wapo waliopokea karatasi ya ukaazi na kwenda uwanja wa ndege kumpokea mtoto waliyemwacha darasa la kwanza, na mtoto mwenyewe alikuwa ameota ndevu.