Kosa la Kupatikana Nacho: Nani Aliyeumia?

Mwaka 1986 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Jioni moja marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, alivuta sanduku la makaratasi kutoka chini ya kitanda, akayabeba hadi nyuma ya jiko na kuyachoma yote. Hakutuambia sababu. Nilielewa nikiwa mtu mzima: huo ulikuwa mwaka wa msako wa Mwakenya, na katika Kenya ya wakati ule mtu aliweza kufungwa si kwa alilotenda wala alilolisema, bali kwa alichopatikana nacho.

Kumbukumbu hiyo ilinirudia juzi darasani, mwanafunzi mmoja aliponiuliza: mtu akipatikana na picha haramu za watoto katika simu yake, ilhali hakuzipiga wala kuziuza, mahakama imfunge kwa msingi gani? Ni swali la haki, na jibu lake limo katika historia. Kila zama, mahakama ilipomwadhibu mtu kwa kumiliki kitu, ilikuwa na mtu fulani iliyemdhania kuwa ameumia. Ukitaka kujua sheria inamthamini nani, mtafute huyo aliyedhaniwa kuumia.

Tuanzie Uingereza, ambako sheria zetu zilitoka. Mwaka 1857 Bunge la huko lilipitisha Sheria ya Machapisho Machafu, iliyosukumwa na Lord Campbell. Sheria hiyo haikumfunga mwenye kitabu. Ilimpa hakimu uwezo wa kukamata na kuteketeza machapisho yaliyowekwa kwa ajili ya kuuzwa. Mwaka 1868, katika kesi ya Hicklin, Jaji Mkuu Cockburn aliweka kipimo cha uchafu: je, maandishi yana mwelekeo wa kuwapotosha wale ambao akili zao ni nyepesi kupotoshwa? Kijitabu kilichobishaniwa kilikuwa cha kuwashambulia mapadri wa Kikatoliki, na aliyekiuza hakukusudia kueneza uchafu. Mahakama ilisema nia yake haikuwa hoja. Aliyedhaniwa kuumia hapo ni msomaji wa kufikirika, ambaye hakuna aliyepata kumwona kizimbani.

Fikra hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipata Kanuni za Adhabu zilizochukua nafasi ya ile ya India, na ndani yake kikawekwa kifungu cha kukataza biashara ya machapisho machafu. Adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 2 au faini. Na kumiliki ni kosa pale tu mtu anapokusudia kuuza, kusambaza au kuonyesha hadharani.

Lakini katika kanuni hiyohiyo ya Kenya palikuwa na kifungu kingine, cha uchochezi. Mtu aliyepatikana na chapisho la uchochezi bila sababu halali aliweza kufungwa hadi miaka 7. Hapa upande wa mashtaka haukuhitaji kuthibitisha biashara wala usambazaji. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa kupatikana na waraka wa kisiasa. Alitoka gerezani mwaka 1988. Aliyedhaniwa kuumia safari hii ni mtawala.

Msomaji wangu, hebu tuweke mambo haya mawili katika mizani moja. Mwaka huohuo wa 1982, mtu ambaye angepatikana Nairobi na picha za mtoto akidhalilishwa, akishtakiwa kwa kifungu cha machapisho machafu, asingepata zaidi ya miaka 2. Na kama alizihifadhi kwa ajili yake mwenyewe, kifungu hicho kisingemgusa. Tusiwacheke wabunge wetu peke yao. Uingereza yenyewe ilikuwa imekataza kupiga na kusambaza picha hizo mwaka 1978, lakini kuzimiliki tu hakukuwa kosa hadi mwaka 1988, na hata hapo adhabu ilianza kwa faini. Waraka ulikuwa mzito kuliko mwili wa mtoto.

Mantiki ilinyooka polepole. Mwaka 1969 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya Stanley dhidi ya Georgia, iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumwadhibu mtu kwa kumiliki filamu chafu nyumbani kwake. Hukumu iliandikwa na Thurgood Marshall, yuleyule aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuhusu haki za raia katika mazungumzo ya katiba. Mwaka 1990, katika kesi ya Osborne dhidi ya Ohio, mahakama hiyo iliamua kwamba kinga hiyo haifiki kwenye picha za watoto, Marshall akiwa miongoni mwa majaji watatu waliopinga. Sababu ya wengi ilikuwa wazi: picha hiyo ni jeraha linaloendelea, na kila anayeitafuta hulisha soko linalomtafuta mtoto mwingine. Hatimaye aliyeumia akawa mtu wa kweli.

Na aliyeumia akijulikana, adhabu nayo huweza kupimwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya Oliver, ilizipanga picha katika ngazi tano kulingana na uzito wa tendo linaloonekana. Mwongozo wa 2014 ukazifanya makundi matatu. Hakimu hutazama kundi la picha, umri wa mtoto, wingi wa picha, na kama mshtakiwa alimiliki tu, alisambaza au alizitengeneza. Kwa kumiliki picha za kundi baya zaidi, hesabu huanzia mwaka 1 gerezani. Kwa kundi la chini, huanzia adhabu ya kutumikia nje ya gereza.

Kwetu Kenya, sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 imeruhusu kifungo cha hadi miaka 25, faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Nashukuru kwamba mtoto ameonekana. Hata hivyo, kifungu hicho kimewaweka aliyetengeneza, aliyesambaza na aliyehifadhi chini ya dari moja, bila ngazi kati yao. Hakimu akikosa ngazi, wawili waliotenda mamoja watatoka mahakamani na vifungo visivyofanana, na mtoto aliyedhulumiwa atasahaulika katikati ya mabishano ya rufaa.

Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: afungwe, iwapo picha ile ina mtoto aliyeumia, na afungwe kwa kadiri ya maumivu hayo. Pasipo na aliyeumia, sheria ya kupatikana na kitu hugeuka haraka kuwa silaha ya mwenye nguvu. Nami huyajua majivu ya silaha hiyo. Niliyakanyaga asubuhi yake, nikienda shule.