Nabongo na Majirani wa Mpakani

Malori yanayopanga foleni Malaba na Busia yakingoja kuvukia Uganda yamerithi njia ya zamani. Kabla ya malori hayo walipita wapagazi wa misafara ya pwani, wakipumzika kwa Nabongo, mfalme wa Wanga, pale panapoitwa leo Mumias.

Masimulizi ya Wawanga yanamtaja kijana Wanga, aliyefika ugenini akatumika kwa mtawala Muima huku akificha bangili ya shaba, alama ya ufalme. Ilipoonekana mkononi mwake, Muima alimpisha kitini.

Mumia alikalia kiti hicho mwaka 1882, akirithi kwa baba yake Shiundu ufalme uliozongwa na vita na Wateso na Wabukusu. Mkuki peke yake usingemtosha. Aliwakaribisha wafanyabiashara Waswahili wenye bunduki, akawa na wapiganaji wa Kimaasai wa Uasin Gishu. Mpelelezi Joseph Thomson alifika mwaka 1883, Askofu Hannington mwaka 1885, na mwaka 1895 ofisa wa Kiingereza Hobley akaja kusimamia kituo cha serikali. Mwaka huohuo mikuki ya Wanga ilikwenda na Waingereza kuwapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe.

Nyumbani, Mumia alioa wake wengi kama walivyofanya waliomtangulia. Kwa mila ya Waluhya, wakiwamo Wawanga, mtu haoi katika ukoo wake. Basi kila mahari iliyotoka bomani ilileta wakwe wa ukoo mwingine, na mkwe humfanyii vita kirahisi. Naamini ndoa hizo zilifanya kazi kubwa kuliko bunduki nyingi.

Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, Busia ikiwamo, ilihesabiwa Uganda. Mpaka ukahamishwa, Mumia akajikuta katika nchi inayoitwa leo Kenya, na mwaka 1909 Waingereza wakamtangaza chifu mkuu. Ndugu na watu wake walitumwa kutawala majirani ambao hawakuwahi kuwa raia wa Wanga. Hapo ndipo uchungu ulipoingia. Kwa wengi waliotawaliwa hivyo, jina la Wanga lilikuja pamoja na kodi na kazi za lazima.

Mumia alifariki mwaka 1949, baada ya miaka 67 kitini. Shitawa alimfuata, na tangu 1974 kiti ni cha Nabongo Peter Mumia wa Pili. Makaburi ya kifalme yapo Matungu, nendeni mkayaone. Na wazee wa Kiteso wa Amukura na Malaba wangali nasi: vijana, kaeni nao, mwandike na upande wao wa historia hii.