Ujira wa Watoto na Sheria ya Shule katika Uingereza

Zamani katika viwanda vya pamba vya Lancashire watoto walifanya kazi ya kuunga nyuzi zilizokatika. Mara nyingi aliyewaajiri si mwenye kiwanda, bali msokotaji, naye aliwalipa katika ujira wake mwenyewe. Tena wazazi walitegemea senti zile kwa chakula. Basi sheria iliyomgusa mtoto iliwagusa na watu wazima.

Sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vya pamba. Na wa chini ya miaka 13 wasizidi saa 48 kwa juma, tena wasome saa 2 kila siku ya kazi. Lakini wakaguzi walikuwa 4 tu. Hata umri haukujulikana kwa hakika, maana serikali ilianza kuandikisha vizazi mwaka 1837. Kwa hiyo mganga alimtazama mtoto akakisia.

Mwaka 1844 ikawekwa desturi ya nusu siku kazini, nusu siku shuleni. Ila umri wa kuanza ukashushwa hata miaka 8. Huo ndio ulikuwa mapatano: mtoto asome, na ujira usikome.

Mwaka 1880 shule ikawa lazima hata miaka 10. Sasa mzazi alipoteza ujira, na ada akaidaiwa, hata mwaka 1891 ilipoondolewa katika shule nyingi. Kazi ya nusu siku ilikomeshwa kwa sheria ya mwaka 1918.

Twaona, basi, kwamba sheria ilishika kweli pale ilipompunguzia maskini mzigo.