Waliotoka Kilindini Wasirudi: Nyambizi I-27 na Wapiga Mizinga Wetu wa 1944



Huku Marekani kuna picha ambayo magazeti hayachoki kuichapa. Nyambizi inaingia bandarini baada ya miezi kadhaa chini ya maji, mabaharia wamejipanga juu yake na sare zao nyeupe, na gatini wamejaa wake, watoto na mabango. Ukitoka hapa Landover kwa treni ya Orange, ukabadilisha pale L'Enfant Plaza, kituo kinachofuata ni cha kumbukumbu ya jeshi la wanamaji, na humo wameweka hata sanamu ya baharia akikumbatiwa na mkewe na mtoto. Sina ubaya nayo. Mtu kurudi kwao ni jambo la heri popote pale. Ila kila nikiiona hujiuliza: hivi sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa gani cha nyambizi na cha kurudi nyumbani?

Kisa tunacho, tena kikubwa, ila cha kwetu ni cha watu ambao hawakurudi.

Tuanze na mwaka 1942. Mwezi Aprili Wajapani waliishambulia Colombo, na tarehe 9 wakaizamisha Hermes, manowari ya Waingereza ya kubebea ndege. Waingereza waliona Ceylon (Sri Lanka ya leo) hapakaliki, wakaihamishia Kilindini sehemu kubwa ya kikosi chao cha manowari cha Bahari ya Hindi. Ghafla Mombasa ikawa makao makuu. Hata wale wataalamu wa kufumbua siri za redio za Wajapani walipewa shule ya Allidina Visram wafanyie kazi humo. Waliosoma pale wanajua lile jengo linavyoitazama bahari. Sijui wangapi walipata kuambiwa kwamba vita vya Pasifiki vilisikilizwa kutoka madarasani mwao.

Wajapani nao hawakukaa mbali. Tarehe 30 Mei 1942 nyambizi zao ndogo ziliingia bandari ya Diego Suarez kule Madagascar, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Mwezi Juni na Julai nyambizi kubwa zikawinda katika mlango-bahari wa Msumbiji na kuzamisha meli zaidi ya 20. Kwa hiyo anayedhani vita vya nyambizi ni mambo ya Atlantiki tu, ya Wajerumani na Waingereza, anaiacha nje bahari yetu wenyewe.

Ilipofika 1943 hofu ilipungua na manowari nyingi zikarudi Ceylon. Sasa kazi ya Kilindini ikawa kupeleka watu mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inajiandaa kwa vita vya Burma, na askari wake wa Kiafrika walitoka katika makoloni yetu: Kenya, Uganda, Tanganyika, mpaka Nyasaland. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kile Kiswahili cha Keya ambacho wataalamu wa lugha hukicheka, lakini ndicho kilichomwezesha Mkamba kupiga mzinga mmoja na Mnyasa.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, kisha ikauzwa Misri. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi kimoja: Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Waliobaki walikuwa wanamaji wa Kiingereza, askari wengine na mabaharia wa meli yenyewe, pamoja na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi. Walinzi wa msafara mzima walikuwa manowari tatu tu: Hawkins, Petard na Paladin.

Jumamosi, tarehe 12 Februari, baada ya chakula cha mchana, msafara ukiwa karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi I-27 ya Wajapani ilifyatua topido. Mbili ziliipiga Khedive Ismail. Kwa muda wa dakika mbili hivi meli ilikuwa imekwisha kuzama. Dakika mbili, jamani! Askari aliye vyumba vya chini hata ngazi hawezi kuifikia.

Kilichofuata ndicho kigumu kukisimulia. Nyambizi ilijificha chini, karibu na pale pale walipokuwa wanaelea manusura. Meli nne zilizobaki zilikuwa zimebeba maelfu ya watu, na nyambizi bado ilikuwa na uwezo wa kupiga tena. Manowari zikaamua kudondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji. Mabomu hayo hayachagui. Baadhi ya waliokuwa wameokoka kwenye topido waliuawa na mabomu ya walinzi wao. Baadaye I-27 ililazimika kuibuka. Paladin ilijaribu kuigonga, ikaumia yenyewe. Mizinga ya Petard haikuweza kulitoboa gamba lake. Ikabidi ipigwe kwa topido, na ya saba ndiyo iliyoimaliza.

Waliokufa kutoka Khedive Ismail ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Je, amri ile ya kudondosha mabomu ilikuwa halali? Waingereza wenyewe wamebishana miaka mingi. Mie naona mtu hawezi kuijibu akiwa ameketi kitini: nahodha alikuwa na meli nne za kulinda na adui aliyekuwa bado hai. Lakini kuna swali la pili ambalo halihitaji unahodha. Kwa nini kisa hiki kinaposimuliwa Ulaya, mara nyingi huanza na kuishia kwa wauguzi? Wanawake 77 walikufa, na msiba huo unastahili kila chozi. Lakini kundi kubwa kuliko yote melini lilikuwa la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, nao huwa kama sentensi ya kupita: "pamoja na askari wa Kiafrika". Basi.

Na sisi tusijisafishe. Baada ya uhuru historia zetu zilimtafuta mpigania uhuru, na askari wa mkoloni hakupata nafasi. Huwa tunajifariji kwa methali ya tembo na nyasi. Methali hiyo hapa haitoshi. Hawa hawakuwa nyasi. Walifundishwa hesabu za masafa na pembe za mizinga, kazi ambayo zamani Mwingereza aliona Mwafrika haiwezi. Wengine walijiandikisha kwa hiari na wengine kwa kusukumwa na machifu, lakini wote walikuwa watu wenye ujuzi, majina na wazazi.

Majina hayo yapo. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, kuna Kumbukumbu ya Afrika Mashariki inayotaja askari wasio na kaburi, wakiwemo wa Khedive Ismail. Hili si jambo dogo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita vya kwanza, hasa wapagazi wa Afrika Mashariki, hawakuandikwa kwa majina kabisa. Ile sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ya mwaka 1927 ni nzuri, lakini mama aliyempoteza mwanawe hawezi kusoma jina pale. Kwa wapiga mizinga wa 1944 anaweza. Tatizo ni kwamba nani kamwambia aende akasome?

Siku hizi bahari yetu imejaa mazoezi ya kijeshi ya pamoja. Wamarekani wana Cutlass Express, ambalo Mombasa imewahi kulipokea. Aprili 2025 India na Tanzania waliandaa AIKEYME pale Dar es Salaam, likahudhuriwa na wanamaji wa nchi kadhaa za Afrika. Maharamia, dawa za kulevya na uvuvi haramu ni hatari za kweli, wala sipingi mazoezi hayo. Ninachosema ni kwamba hii si mara ya kwanza kwa vijana wetu kuingia baharini bega kwa bega na dola kubwa. Rejimenti ya 301 nayo ilikuwa "mshirika". Mshirika ana haki ya kuuliza: msafara unalindwa na manowari ngapi, nani anatoa amri, na nikizama nitaandikwa wapi?

Pendekezo langu ni dogo. Walio Nairobi waende Ngong Road wakayanakili yale majina na koo zao kadiri inavyowezekana. Walio Kampala, Dodoma na Lilongwe wawaulize wazee, kwa sababu watoto wa wale askari sasa wamepita miaka 80. Na Kilindini pawekwe jiwe, kwa Kiswahili, lenye tarehe 12 Februari 1944. Mwanamaji anayeondoka pale aone kwamba kuna waliomtangulia.

Naomba kuwasilisha. Mwenye mzee wake katika kikosi kile, au anayekumbuka lolote lililosimuliwa nyumbani, asikae kimya.

Wasalaam,
Landover, Maryland