Njia za matembezi ya vuli mjini Vienna

Njia za matembezi za Vienna ni mtandao wa njia za miguu unaopita katika misitu, mashamba ya mizabibu na ardhioevu ndani ya mji mkuu wa Austria na viungani mwake. Hutumika mwaka mzima, lakini msimu wake mkuu ni vuli ya Ulaya, majira ya kupukutika majani, kuanzia Septemba hadi Novemba. Nyingi huanzia kwenye kituo cha mwisho cha tramu au basi, kwa hiyo mtu mwenye tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini hufika msituni bila kuhitaji gari. Neema hiyo haikuja yenyewe. Imelindwa kwa zaidi ya miaka 150 na wananchi, madiwani na watunga sheria waliokataa msitu uuzwe au kujengwa.

Mandhari

Vienna iko pale ncha ya mashariki ya milima ya Alps inapokutana na mto Danube. Magharibi na kaskazini-magharibi kuna vilima vya Wienerwald, yaani Msitu wa Vienna. Mashariki ardhi ni tambarare. Sehemu ya chini kabisa ya mji, Lobau, ina mwinuko wa mita 151 juu ya usawa wa bahari, na ya juu kabisa, kilele cha Hermannskogel, mita 542. Takribani nusu ya eneo la mji, lenye kilomita za mraba 415 hivi, ni misitu, mashamba, bustani na maeneo mengine ya kijani.

Msitu wa vilimani umetawaliwa na miti ya Fagus sylvatica, yenye gome laini la kijivu, pamoja na mialoni. Chini ya sehemu kubwa ya msitu huo kuna tabaka za jiwe-mchanga zilizochanganyika na udongo wa mfinyanzi. Udongo huo hauyanyonyi maji upesi, ndiyo maana mvua ya siku moja huacha njia zikiwa na utelezi kwa siku kadhaa, hasa zinapofunikwa na majani.

Rangi za vuli

Mwishoni mwa Septemba mchana wa Vienna una saa 12 hivi, kama ulivyo Nairobi au Dodoma mwaka mzima. Ifikapo mwisho wa Novemba umepungua hadi chini ya saa 9. Mchana unapofupika na usiku kuwa wa baridi, miti huacha kutengeneza klorofili, kemikali inayoyapa majani rangi ya kijani. Klorofili iliyomo huvunjwa, na rangi ya njano ya karotenoidi, iliyokuwamo jani likiwa bado la kijani, hujitokeza. Rangi nyekundu hutokana na anthosianini, ambayo miti kadhaa huitengeneza wakati huohuo, hasa kukiwa na jua mchana na baridi usiku.

Rangi hizo haziji kwa pamoja. Mizabibu hugeuka mapema, Fagus hufuata kuanzia katikati ya Oktoba kwa rangi ya shaba, na mialoni huwa ya mwisho.

Historia ya uhifadhi

Baada ya kushindwa vitani na Prussia mwaka 1866, serikali ya Austria ililemewa na madeni. Mwaka 1870 ilipanga kuuza sehemu kubwa za Wienerwald, jambo ambalo lingeifanya miti yake kuwa mbao na kuni. Mwandishi Josef Schöffel alipambana na mpango huo kwa makala mfululizo gazetini, hadi ulipoachwa mwaka 1872. Baadaye alichaguliwa kuwa meya wa mji jirani wa Mödling.

Mwaka 1905, wakati wa meya Karl Lueger, baraza la mji wa Vienna lilipitisha uamuzi wa kutenga ukanda wa misitu na malisho kuuzunguka mji, usiojengwa nyumba. Sheria ya misitu ya Austria ya mwaka 1975 ikampa kila mtu haki ya kuingia msituni kwa miguu ili kupumzika, hata kama msitu ni mali ya mtu binafsi. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua Wienerwald kuwa hifadhi ya biosfia.

Njia kuu

Manispaa ya Vienna imeweka njia zaidi ya 10 zenye namba na vibao, zinazoitwa Stadtwanderwege. Zaidi ya hizo kuna rundumadum, njia ya takribani kilomita 120 inayouzunguka mji wote, iliyogawanywa katika hatua 24.

*Kahlenberg.* Njia namba 1 ina urefu wa kilomita 11 hivi na huanzia Nussdorf, mwisho wa tramu ya D. Hufuata kijito kwenye njia iliyopewa jina la mtunzi wa muziki Beethoven, aliyekuwa akitembea maeneo haya. Mwezi Oktoba 1802, akiwa Heiligenstadt karibu na hapo, aliandika waraka maarufu wa uchungu kuhusu kuharibika kwa usikivu wake. Kisha njia hupanda katikati ya mizabibu hadi Kahlenberg, mita 484, mlima ambao jeshi la mfalme Jan Sobieski wa Poland na washirika wake lilipitia mwaka 1683 kuwashambulia Waosmani waliouzingira mji. Anayechoka kileleni huteremka kwa basi la 38A.

*Lainzer Tierpark.* Hapa palikuwa msitu wa mawindo wa makaisari, wenye hekta 2,450 na uliozungushiwa ukuta wa mawe. Wananchi walianza kuruhusiwa kuingia mwaka 1919, baada ya ufalme kuanguka. Katika vuli madume ya ayala hunguruma wakigombea majike, na nguruwe mwitu hufukua majani wakitafuta matunda ya mwaloni. Mbwa hawaruhusiwi kuingia.

*Prater.* Njia namba 9, ya kilomita 13 hivi, hupita tambarare na hufaa familia zenye watoto. Kiini chake ni Hauptallee, barabara iliyonyooka ya kilomita 4.4 iliyopangwa miti ya chesnati pande zote mbili. Hapo, tarehe 12 Oktoba 2019, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa mtu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili. Muda huo haukuingizwa kwenye rekodi rasmi kwa sababu waongoza kasi walikuwa wakipokezana njiani.

Chesnati nyingi huonekana zimekauka hata kabla ya vuli. Ukiinua jani dhidi ya mwanga utaona madoa ya kahawia: ni vijia vya kiwavi wa nondo mdogo, Cameraria ohridella, anayekula nyama ya jani kutokea ndani. Kizazi chake cha mwisho hupita baridi kikiwa ndani ya majani yaliyoanguka. Kwa hiyo kuyafagia na kuyaondoa majani hayo huupa mti nafuu mwaka unaofuata.

*Lobau.* Misitu hii ya mafuriko kando ya Danube ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Donau-Auen, iliyoanzishwa mwaka 1996. Biva huishi hapa, na mashina waliyoyatafuna huonekana kando ya maji.

Mizabibu na migahawa ya wakulima

Vienna ni miongoni mwa miji mikuu michache duniani yenye kilimo halisi cha mizabibu ndani ya mipaka yake. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II aliwaruhusu wakulima kuuza mvinyo wao nyumbani, na hapo ndipo ilipoota mizizi migahawa iitwayo Heuriger. Kitita cha matawi mabichi ya msonobari kikining'inia mlangoni, mpita njia hujua kuwa nyumba iko wazi. Mnamo Septemba na Oktoba huuzwa Sturm, maji ya zabibu yanayoendelea kuchacha, yenye ukungu na utamu. Chupa yake haifungwi sawasawa, kwa sababu gesi inayozalishwa ingeipasua.

Usalama na kanuni

Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mwanzoni mwa Novemba jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na nusu jioni. Anayeanza safari mchana anahitaji tochi. Viatu vya soli yenye meno na nguo za kuvaliwa tabaka juu ya tabaka hufaa zaidi kuliko koti moja zito. Kupe hubaki hai hadi baridi kali ifike, na huweza kueneza virusi vya ugonjwa wa ubongo. Wakazi wengi huchanjwa, na ni vyema kukagua mwili baada ya matembezi.

Sheria ya misitu huruhusu kuchuma uyoga hadi kilo 2 kwa mtu kwa siku, isipokuwa mahali palipokatazwa. Kwenye hifadhi, msafiri hutakiwa kubaki njiani: wanyama wanaojiandaa kwa majira ya baridi hupoteza nguvu wanayoihitaji kila wanaposhtuliwa wakakimbia. Haki ya kuingia msituni iliyowekwa mwaka 1975 ni ya kila mtu, na kila mtembeaji ana wajibu wa kuuacha msitu ukiwa salama kwa anayekuja nyuma yake.