Kupiga Hatua au Kupandishwa Ngazi?

Mchezaji wa gemu, awe Sumbawanga mjini au Laela, akivuka kiwango husema amepanda leveli, na neno hilo halina kosa: leveli ni kituo kimoja. Kinachohitaji jina ni utaratibu mzima unaoamua mchezaji apewe nini, lini, na kwa kazi gani, hadi atamani kuendelea. Wapo wanaouita mfumo wa kupanda ngazi. Mimi nachagua mfumo wa kupiga hatua, kwa kuwa mtu anaweza kupandishwa ngazi pasipo kubadilika chochote. Ndivyo ilivyotokea katika The Elder Scrolls IV: Oblivion ya mwaka 2006. Mchezaji alipopanda, maadui wengi nao walipandishwa, mpaka majambazi wa barabarani, watu wa kuvizia wapita njia, wakawa wanavaa deraya ambazo bei yake ingewatoa kabisa kwenye ujambazi. Namba ilikua, jasho likabaki lilelile. Wachezaji wenyewe wakatunga marekebisho ya kuuondoa utaratibu huo.

Ufipa, nyanda iliyo na Sumbawanga na Laela, inaujua mpango ulio bora zaidi: kilimo cha ntumba. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima hukata nyasi pamoja na udongo wake, akazifukia katika matuta ya duara. Ndani zinaoza, juu anapanda maharage. Msimu unaofuata matuta hubomolewa, udongo ulionona ukatandazwa na kupandwa ulezi. Mavuno madogo yanamshikilia mkulima wakati yale makubwa yanaiva, na kazi ya kwanza ndiyo mbolea ya kazi ya pili. Mbunifu wa gemu afanye hivyohivyo: kamba aliyopewa mchezaji kuvukia korongo la kwanza imfae tena mbele, kwa matumizi ambayo hakuyawazia.

Atakuja mtu aseme namba zenyewe ni raha tosha, na ana hoja; tangu Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 na pointi zake za uzoefu, watu wamefurahia kuona hesabu ikipanda. Lakini bao halina pointi wala leveli, na hatua zimo. Katika namu, awamu ya kwanza, kila mchezaji huingiza kete moja moja kutoka mkononi; zikiisha, mtaji unaanza, na sasa anacheza kwa zile tu zilizomo ubaoni, kwa kanuni nyingine. Aliyechezea ovyo namu yake hahitaji kuonyeshwa namba.