Mtambo na Njia Yake

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa; nasi twaweza kuongeza kwamba ukiona vyachimba, jua vimebebwa. Katika habari za ujenzi sifa nyingi hupewa mtambo ung'oao miti na kusukuma udongo, lakini chombo kilichoufikisha mahali pa kazi hakitajwi. Tingatinga ni jitu katika uwanja wake, ilhali katika safari ndefu ni mgonjwa wa kubebwa. Mwendo wake ni wa kobe. Mikanda yake ya chuma huichimbua barabara, na barabara nayo huila mikanda. Kwa sababu hiyo hupandishwa juu ya tela bapa lisilo na kuta, likavutwa na lori.

Kulipakia kwataka busara kuliko nguvu. Hupanda polepole juu ya mbao au vyuma vya mteremko vilivyowekwa nyuma ya tela. Likikaa nyuma mno, tela huyumba. Likiegemea upande mmoja, huweza kupinduka katika kona. Hufungwa kwa minyororo pembe zote, nalo koleo lake hushushwa mpaka likalala juu ya sakafu.

Elimu hii ilikuzwa sana na vita. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi yaliona kwamba kifaru kikiendeshwa masafa marefu huchakaa kabla ya kumwona adui. Kuanzia mwaka 1941 Uingereza ilipokea kutoka Marekani malori ya Diamond T, yaliyoundwa Chicago, yakivuta matela ya Rogers yenye uwezo wa kubeba tani 40 hivi. Yalifanya kazi kubwa katika majangwa ya Afrika ya Kaskazini. Amani iliporudi, mengi ya malori hayo yaliuzwa kwa wachukuzi wa mizigo mizito, na chombo kilichobeba silaha kikabeba mitambo ya ujenzi na viwanda.

Lakini tela hushinda pale tu penye njia ya kulipokea. Ushahidi wa jambo hili tunao hapa kwetu Tanganyika. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilikubali shauri la kulima karanga katika ekari 3,210,000, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa. Matrekta na matingatinga yalinunuliwa katika mabohari ya mabaki ya vita, mengine hata Ufilipino. Vifaru vya Sherman navyo vilibadilishwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mitambo ilipatikana, njia haikuwako. Bandari ya Dar es Salaam haikuwa na gati la maji marefu mpaka mwaka 1956, basi shehena zilishushwa kwa matishari. Kutoka hapo palikuwa na reli moja nyembamba ya kwenda bara, iliyokuwa na mizigo yake mingine ya kila siku. Tena, Septemba 1947, makuli wa bandari waligoma wakidai ujira wa kutosha maisha yaliyopanda gharama, na mgomo ukaenea kufuata reli. Hapo wakubwa walikumbushwa kwamba katika kila njia kuna mikono ya watu, nayo haina budi kuhesabiwa.

Si haki kudai kwamba uchukuzi peke yake uliiangusha kazi ile. Mvua zilikuwa haba, udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mitambo mingi ilifika ikiwa imechoka. Hata hivyo, huko Nachingwea reli na bandari zilijengwa wakati ule ule mashamba yakifyekwa, kana kwamba mgeni amekaribishwa kabla ya nyumba kuezekwa. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na paundi milioni 36.5 zikafutwa vitabuni.

Reli ile ya kusini nayo iling'olewa katika miaka ya 1960, lakini bandari ya Mtwara ingali ikifanya kazi. Hii ndiyo hukumu ya historia: mitambo iliyotangulizwa imekwisha kuwa chuma chakavu, na gati lililochelewa ndilo linalofaa watu hadi leo. Taifa linaloagiza mtambo na lipime kwanza daraja utakalovuka, barabara itakayoubeba, na ujira wa watakaoupakua.